Tairi za fowili: namba zikilingana bado pima mzingo (uzi wa wenye Subaru, RAV4, X-Trail, Prado na pikapu)

MtuWaMenengai (Nakuru)

Wadau, masika yanakaribia na foleni kwenye maduka ya tairi hapa Nakuru imeanza. Wanaokwenda Mau Narok, Molo na Subukia wanajua wanachojiandalia. Naomba tuzungumzie jambo moja kabla pesa hazijatoka mfukoni, kwa sababu naona magari mazuri ya fowili, yaani yanayovutwa na magurudumu yote manne, yakiharibika kwa kitu ambacho kingezuiwa kwa futi ya mshonaji.

Gari linalovutwa na magurudumu mawili husamehe mengi. Weka tairi mpya mbele na kuukuu nyuma kwenye Probox, nenda nayo Eldoret na kurudi, haitalalamika. Magurudumu ya nyuma yanaburutwa tu, hayana habari na giaboksi. Kwenye fowili, ekseli ya mbele na ya nyuma zimeunganishwa kupitia propela, na katikati pana kifaa cha kugawa nguvu: difu ya kati (gia zinazoruhusu pande mbili kuzunguka kwa mwendo tofauti), klachi, au kopo la vizkasi lenye mafuta ya silikoni. Kifaa hicho kimeundwa kuvumilia tofauti ndogo ya mwendo baina ya mbele na nyuma, kwa mfano unapokata kona. Kona inaisha. Lakini tairi za mbele zikiwa ndogo kuliko za nyuma, kona hiyo haiishi. Kutoka Nakuru hadi Kisumu, hata pale barabara imenyooka kama rula, kifaa cha katikati kinafanya kazi, kinapata joto, mafuta yanapikika.

Tuanze na namba zenyewe. Chukua 225/65R17 102H, saizi inayopatikana kwenye RAV4 nyingi za mwili wa 2006 hadi 2012. 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya huo upana. R ni radiali, 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 102 ni uzito ambao tairi moja inaweza kubeba, yaani kilo 850, na H ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 210 kwa saa. Kipenyo cha tairi nzima unakipata hivi: 225 mara 0.65 ni 146.25; zidisha mara mbili kwa sababu kuna ubavu juu na chini, 292.5, jumlisha rimu, 17 mara 25.4, ambayo ni 431.8. Unapata milimita 724.3.

Sasa mtu anauziwa mbili za 225/60R17 aambiwe "rimu ni ileile, upana ni uleule, funga tu." Piga hesabu: milimita 701.8. Imepungua milimita 22.5, karibu asilimia 3. Tairi ya kwanza inazunguka kama mara 439 kwa kilomita moja, ya pili kama mara 453. Mizunguko 14 ya ziada kila kilomita. Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kama kilomita 180, kwa hiyo ekseli moja imeizidi nyingine mizunguko 2,500 na zaidi kabla hujafika Kisumu kula samaki. Hiyo tofauti yote imemezwa na kile kifaa cha katikati.

Hilo ni kosa la wazi. Lililo gumu kuliona ni hili: tairi nne zenye namba ileile ubavuni, na bado hazilingani. Tairi mpya huwa na meno ya kina cha milimita 8 hivi. Ikichakaa ikabaki 3, nusu kipenyo imepungua milimita 5, kipenyo 10, na mzingo milimita 31. Kwenye Forester ya 215/65R16 hiyo ni tofauti ya mizunguko karibu 7 kwa kilomita. Subaru wenyewe wanaelekeza mizingo ya tairi nne isipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Ukiirudisha kwenye kina cha meno, hiyo ni milimita moja. Moja tu! Kwa hiyo mwenye Forester anayenunua tairi mbili mpya na kuacha mbili zilizoisha ameruka mpaka huo mara tano.

Ninachosisitiza ni kwamba usiishie kusoma ubavu. Pima mzingo wa kila tairi. Mwenye swali alete hapa, na aseme gari gani na tairi gani.

DerevaWaAhero (Kisumu)

Asante kwa uzi, mkubwa. Nina X-Trail T31, 215/65R16. Barabara za Kano unazijua, udongo mweusi ukinyeshewa na mawe yakifichama ndani. Tairi moja ya nyuma imepasuka ubavu, haizibiki. Tatu zilizobaki ni za kampuni moja, meno yamebaki kama milimita 4. Duka moja limenishauri ninunue moja mpya, duka la pili likasema mbili. Nimeshindwa nani mkweli.

MtuWaMenengai

Ndugu, kila mmoja ana upande wake wa ukweli, na tuuangalie vizuri maana swali hili linarudi kila siku.

Ukiweka moja mpya ya milimita 8 kati ya tatu za milimita 4, hiyo moja itakuwa na mzingo mkubwa kwa milimita 25 hivi. Kwenye ekseli ya nyuma, gurudumu la kushoto na la kulia yatapishana kwa milimita 25 kila mzunguko, na difu ya nyuma itakuwa kazini muda wote. Lakini propela inapokea wastani wa magurudumu mawili ya ekseli, kwa hiyo kifaa cha katikati kitaona nusu tu ya tofauti, milimita 12 hivi.

Ukiweka mbili mpya nyuma, difu ya nyuma inapumzika kabisa. Ila sasa wastani wa nyuma umepanda wote, na kifaa cha katikati kinabeba milimita 25 zote. Kwa hiyo ushauri wa "nunua mbili ziwe sawa kwenye ekseli", ambao ni sahihi kabisa kwa gari la magurudumu mawili, kwenye fowili unahamisha mzigo kutoka difu ya nyuma kwenda katikati, na katikati ndipo ghali.

Mimi ningefanya hivi. Tafuta tairi moja iliyotumika, kampuni ileile, muundo uleule wa meno, namba ileile, kina cha milimita 4. Pale Kisumu wauzaji wa tairi zilizotumika ni wengi, na kazi yako ni kwenda na kipimo cha kina cha meno, kile kidogo cha plastiki au chuma kinachouzwa kwenye maduka ya spea. Usikubali kukadiria kwa jicho. Halafu soma tarehe: ubavuni kuna neno DOT na mwishoni tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri lakini raba imekauka na kupasukapasuka, iache hapohapo.

Ukikosa kabisa, nunua nne. Nne kwa mpigo zinauma mfukoni, naelewa. Iliyo bora kati ya zile tatu ifanye spea wili.

Kwa wakati huu, X-Trail yako ina kile kitufe cha kuzungusha chenye 2WD, AUTO na LOCK. Ukiwa na tairi zisizolingana kaa kwenye 2WD mpaka upate suluhisho. Magari mengi hayana bahati hiyo.

MzeeWaLegacy (Kakamega)

Vijana mnatisha watu. Nina Legacy, nyuma 205/55R16, mbele 215/55R16, na gari linakwenda. Chavakali, Mumias, Bungoma, kote nafika. Kama ingekuwa sumu hivyo ningekuwa nimeshatembea kwa miguu.

MtuWaMenengai

Mzee wangu, shikamoo. Sibishani na safari zako. Nitaweka tu hesabu mbele yako: nyuma una kipenyo cha milimita 631.9, mbele 642.9. Ni milimita 11, mzingo milimita 34 na nusu, asilimia 1.7. Legacy yako ikiwa ya otomatiki ya gia nne, klachi inayopeleka nguvu nyuma imekaa mkiani mwa giaboksi na inaoga mafuta yaleyale ya giaboksi. Joto la ile klachi ni joto la giaboksi nzima. Uchafu wa sahani zake unazunguka mle mle kwenye giaboksi.

Na joto linategemea mwendo. Kakamega mjini hadi Mumias kwa mwendo wa wastani, na kusimama kila penye matuta, linapanda na kushuka. Siku utakapolipeleka gari Nairobi likiwa limejaa watu, kilomita mia tatu na zaidi bila kupumzika, hapo ndipo mambo hubadilika. Kuharibika kwake ni kwa kidogokidogo, ndiyo maana halionekani mapema.

Naomba ufanye jaribio moja. Tafuta uwanja wa lami mkavu, tambarare. Injini ikiwa imeshapata moto, kata usukani hadi mwisho, achia breki, liache gari litambae bila kukanyaga mafuta. Likizunguka kwa ulaini, mshukuru Mungu na ubadilishe tairi mapema. Likisita, likirukaruka kidogo, au ukihisi kama mtu ameshika breki kwa nyuma, klachi imeanza kunata. Lete majibu hapa.

MzeeWaLegacy

Marahaba. Nimejaribu jioni hii kwenye uwanja wa kanisa. Linasita. Nilikuwa nikidhani ni pampu ya usukani.

FundiNjoro

Mzee, usikimbilie kushusha giaboksi. Anza na tairi nne zinazolingana, kisha umwage mafuta ya giaboksi uweke mapya ya aina inayotakiwa na kitabu cha gari. Mafuta yakiwa yamepikika, kusita huko mara nyingine hupungua sana baada ya kubadilisha. Nimeona mengine yakapona kabisa na mengine yakahitaji sahani mpya. Utajua baada ya hapo, na hutakuwa umetupa pesa kwa sababu hatua zote mbili zilikuwa lazima.

Niongezee la Subaru za zamani za otomatiki. Kwenye sanduku la fyuzi ndani ya boneti wengi wana kishikilio kitupu kilichoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi pale, klachi ya nyuma inaachia na gari linavuta mbele tu, na taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi. Hiyo imewekwa na kiwanda kwa ajili ya ile spea wili nyembamba ya dharura. Ukipata pancha ya mbele, hamisha tairi nzima ya nyuma uilete mbele, kile kijitairi kifunge nyuma, chomeka fyuzi, usizidi 80, nenda ukazibe. Si kila Subaru anacho. Za manyuali na nyingi za karibuni hazina. Na wasiwepo watu wa kuiacha fyuzi hiyo mwaka mzima kama tiba ya tairi mbaya. Nguvu uliyoinunulia Subaru utakuwa umeizima mwenyewe.

MkulimaKitale

Mimi ni wa pikapu, Hilux, ile ya kuingiza fowili kwa gia ndogo. Shambani kwetu kuelekea mlima Elgon matope ni ya kweli. Nyuma nimefunga tairi za matope 265/70R17, mbele zipo za kawaida 265/65R17 zilizokuja na gari. Nikiwa 2H (nyuma tu ndiko kunavuta) mpaka Eldoret sioni shida. Lakini nikitoka shambani nikiwa 4H (yote manne yanavuta), nikifika kwenye maramu kavu gia inakataa kutoka. Mpaka nipige kelele na hiyo gia.

MtuWaMenengai

Usiilazimishe, itakuvunjikia mkononi. Simama, weka rivasi, rudi nyuma polepole kwa mstari ulionyooka mita chache, kisha jaribu kuitoa. Mkazo uliokusanyika kwenye shafti unajifungua na gia inatoka yenyewe.

Sababu ya mkazo ni hii. Hilux ya namna hiyo haina difu ya kati. Ukiweka 4H, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, lazima zizunguke sawasawa. Kwenye 2H tofauti ya mbele na nyuma haidhuru transfa, lile sanduku la gia linalopeleka nguvu mbele na nyuma, kwa sababu mbele kumeachiwa. Ndiyo maana huioni ukienda Eldoret. Kwenye matope pia huioni, maana tairi inateleza na utelezi unameza tofauti. Ila kwenye ardhi kavu inayoshika, 265/70R17 ina kipenyo cha milimita 802.8 na 265/65R17 ina 776.3. Asilimia 3.4. Tairi haitelezi, chuma hakipindi, mkazo unakwenda kwenye meno ya gia za transfa, mnyororo, na jointi za propela.

Hata tairi zikilingana, 4H si ya lami kavu kwa gari kama lako, kwa sababu kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Zisipolingana, hata barabara iliyonyooka ni kona.

Ushauri: ukipenda meno ya matope nyuma tu, sawa, lakini yawe 265/65R17. Meno ya matope ni marefu zaidi zikiwa mpya, kwa hiyo pima mzingo kabla ya kufunga. Na kama unataka urefu wa 70, weka nne. Hapo geji ya mwendo itakudanganya: ukisoma 100 utakuwa unakwenda 103 na zaidi. Hiyo inavumilika. Watu huchanganya mambo mawili, kwa hiyo nalisema wazi: kutofautiana na saizi ya kiwanda kwa asilimia 2 au 3, tairi zote nne zikiwa sawa, ni suala la geji na nafasi ya kugeuka ndani ya madigadi. Kutofautiana zenyewe kwa zenyewe ni suala la giaboksi.

RAV4Kericho

Nimesoma yote huku moyo unanidunda, maana mfano wako wa kwanza ndio mimi. RAV4 ya 2010, nilipigwa na jiwe njia ya Londiani, tairi moja ya nyuma ikachanika. Duka likanifungia mbili mpya nyuma. Nimekwenda kutazama sasa hivi: mbele 225/65R17, nyuma 225/60R17. Na taa ya 4WD imekuwa ikimweka nikishuka kwenda Kisumu. Niliambiwa ni sensa. Kesho nilikuwa niwapeleke watoto Nandi Hills.

MtuWaMenengai

Dada, pole sana, na afadhali umeangalia leo.

RAV4 yako ina kiunganishi cha umeme mbele ya difu ya nyuma. Kompyuta inasoma mwendo wa magurudumu yote manne. Nyuma zikizunguka haraka kuliko mbele muda wote, kompyuta haijui kwamba ni saizi. Inachoona ni magurudumu yasiyokubaliana. Kiunganishi kinashikwa, kinapata joto, na kikizidi mfumo unajitoa ili kujiokoa na taa inamweka. Sensa inasema kweli.

Kesho gari lipumzike. Kama ni lazima kwenda dukani, nenda polepole, safari fupi, na usiguse kitufe cha LOCK. Wapelekee hesabu: 724.3 na 701.8. Waoneshe kibandiko cha kiwanda kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kimeandikwa saizi na upepo. Mwuzaji mwenye haki atabadilisha, kwa sababu tairi hazijatembea sana. Angalia pia namba ya uzito, isiwe chini ya ile iliyo kwenye kibandiko. Tairi ya 98 inabeba kilo 750, ya 102 kilo 850. Ukiwa na watoto, mizigo na miteremko ya Nandi hiyo si tofauti ya kupuuza.

PradoMolo

Swali la saizi. Prado yangu ina rimu za 17, 265/65. Jirani ana rimu za 18 anataka tubadilishane. Je, nitaharibu?

MtuWaMenengai

Hapa ndipo namba zinapotisha bure. 265/70R16 ni milimita 777.4. 265/65R17 ni 776.3. 265/60R18 ni 775.2. Zote tatu zimetumika kwenye Prado na hazipishani hata milimita 3, kwa sababu kila rimu ilipoongezeka inchi moja, ubavu ulipunguzwa wa kutosha. Mkibadilishana seti nzima ya nne, na tairi zikawa zimechakaa sawa, hakuna tatizo. Usichanganye mbili na mbili; hata hapo si kwa sababu ya jina la saizi, ni kwa sababu uchakaaji na muundo wa meno hautalingana. Mimi kwa Molo ningebaki na 17. Ubavu mrefu unapokea mashimo vizuri, na rimu haipindi upesi.

Na mkitaka kuona jinsi watengenezaji wanavyofikiri, tazameni BMW X5 za rimu 20. Mbele 275/40R20, nyuma 315/35R20. Ukiona utadhani ni kosa. Pigeni hesabu: 728 na 728.5. Upana umetofautiana milimita 40, kipenyo nusu milimita. Walilinda mzingo, mengine wakayaachia uhuru. Ndiyo sababu mwenye X5 ya namna hiyo hawezi kuhamisha tairi za mbele kwenda nyuma, kwa hiyo azipime mara nyingi zaidi, nyuma na mbele zisiachane.

PradoMolo

Na spea wili? Yangu haijawahi kushuka chini tangu ninunue gari, meno ni mapya kabisa.

FundiNjoro

Hiyo ndiyo mtego. Siku ya pancha utaifunga ikiwa na meno ya milimita 8 katikati ya zenzake za 4, na Prado yako inavuta magurudumu manne muda wote, haina 2H. Haitakufa kwa safari ya kufika kwa mziba pancha, ila usiisahau hapo miezi. Tena usifunge difu ya kati ukiwa nayo kwenye ardhi kavu. Ukinunua seti mpya, nunua tano, izungushe na spea. Tano zinachakaa pamoja, na ukipasua moja njiani unayo pacha wake. Tazama na tarehe ya hiyo uliyo nayo. Meno mapya hayamaanishi raba mpya.

DerevaWaAhero

Nimepata moja soko la Kibuye, kampuni ileile, milimita 4, tarehe inaendana. Sasa mzingo naupimaje bila kuvua gurudumu?

MtuWaMenengai

Kuna njia mbili. Ya kwanza: jaza upepo zote sawa zikiwa baridi, inua gurudumu kwa jeki, zungusha futi ya mshonaji katikati ya meno, izunguke bila kupanda upande, soma. Andika. Fanya nne zote. Futi ya mshonaji ni ya mita moja na nusu na tairi inazidi mita mbili, kwa hiyo unganisha mbili au tumia uzi usiovutika kisha uupime.

Ya pili inahitaji chaki na mtu wa kusukuma. Egesha mahali tambarare palipo na nafasi, mita 25 hivi, usukani umenyooka. Weka alama ya chaki kwenye kila tairi pale chini kabisa inapogusa ardhi. Weka gia huru, sukuma gari taratibu mpaka tairi moja izunguke mara kumi kamili na alama yake irudi chini. Tazama alama za nyingine tatu. Tairi zinazolingana, alama zote ziko chini. Kwa kuwa umezidisha kwa kumi, tofauti ya milimita 6 kwa mzunguko inakuwa sentimita 6, unaiona kwa macho bila kipimo chochote. Tofauti ya mpya na kuukuu, ile milimita 25, itakuwa robo mita. Naipenda njia hii kwa sababu inapima tairi ikiwa imebeba uzito wa gari, jinsi inavyotembea barabarani.

DerevaWaAhero

Nimefanya ya chaki na kijana wa jirani. Tatu ziko chini. Ile niliyonunua imepita kidogo, kama upana wa vidole viwili, baada ya mizunguko kumi.

MtuWaMenengai

Vidole viwili ni sentimita 3 na kitu, yaani milimita 3 na kitu kwa mzunguko. Umenunua vizuri sana. Rudi AUTO.

RAV4Kericho

Duka lilikubali kubadilisha, niliongeza pesa kidogo. Sasa zote ni 225/65R17. Nimepima kwa uzi na futi: mpya sentimita 227.1 na 227.0, za zamani 226.3 na 226.2. Kina cha za zamani ni milimita 6.5. Taa haijarudi tangu jana, nimekwenda Kisumu na kurudi. Kona ya kuegesha ni laini. Swali langu, mpya zikae mbele au nyuma? Kila mtu ananiambia lake.

MtuWaMenengai

Hongera dada. Tofauti yako kubwa ni milimita 9 kwenye mzingo wa milimita 2,270, asilimia 0.4. Mpaka wa Subaru ungekuwa umeuvuka kidogo, lakini uko mbali kabisa na ile asilimia 3 uliyokuwa nayo, na tutaipunguza.

Kanuni ya kawaida ya usalama ni tairi nzuri kukaa nyuma, ili gari lisipige mkia kwenye lami yenye maji. Kama zako za zamani zingekuwa zimebaki milimita 3, ningekwambia nyuma bila kufikiri. Lakini milimita 6.5 bado ni tairi yenye afya, inatoa maji vizuri. RAV4 huchakaza mbele haraka zaidi, injini iko huko na usukani uko huko. Kwa hiyo kwako ningeweka mpya mbele, zichakae upesi, zizifikie za nyuma. Pima tena ukifika kilomita 5,000. Zikishalingana ndani ya milimita moja ya kina, anza kuzungusha za mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Tazama ubavuni kama kuna mshale. Zenye mshale hubadilishana mbele na nyuma kwa upande uleule tu.

Ile moja ya zamani iliyobaki, yenye 6.5 na isiyopasuka, ifunge kwenye rimu ya spea.